Koncheto ya kwanza ya piano: Haydn, Mozart, Mendelssohn, Beethoven au Grieg?

Mwanafunzi wa piano aliyemaliza gredi ya 8, ya mwisho katika mitihani ya gredi, akianza kutamani koncheto, yaani kipande cha piano na okestra, mara nyingi tayari ana moja moyoni, na aghalabu ni ya Grieg au ya Rachmaninoff. Ameisikiliza mpaka anaijua kwa ndani. Lakini koncheto haipigwi na mtu mmoja. Hapa Nairobi swali la kwanza la kujiuliza ni utaipiga na nani. La pili ni mkono wako unafika wapi. La tatu ni piano unayofanyia mazoezi ikoje. Mapenzi yakitangulia maswali hayo matatu, miezi kumi inaweza kuishia kwenye kipande ambacho hakuna wa kukusindikiza.

Tutakazolinganisha ni hizi: Haydn ya D meja (Hob. XVIII:11), Mozart ya A meja (K. 414) pamoja na ile ya D maina (K. 466), Mendelssohn namba 1 ya G maina (Op. 25), Beethoven namba 3 ya C maina (Op. 37), na Grieg ya A maina (Op. 16). Herufi na namba za kwenye mabano ni za orodha ya kazi za kila mtunzi. Nyingine tutazigusa kwa ufupi. Tunamfikiria mwanafunzi anayepata kama dakika 90 za mazoezi kwa siku, mwenye mwalimu, na asiye na uzoefu wa kusindikizwa.

Upande wa okestra utashikwa na nani

Njia ya kawaida ni piano ya pili. Koncheto zote hizi zimechapishwa kwa muundo wa piano mbili: mistari ya juu ni yako, ya chini ni okestra iliyofupishwa ili mtu mmoja aweze kuipiga. Unahitaji nakala mbili, kwa kuwa kila mpiga piano lazima awe na yake mbele yake. Watunzi wote hawa walifariki zamani, kwa hiyo noti zinapatikana bure kwenye tovuti ya IMSLP, pamoja na karatasi za kila ala ya okestra. Angalia tu unachapisha toleo gani. Matoleo mengi ya karne ya 19 yana alama za mhariri zilizochanganywa na za mtunzi bila kutofautishwa: nguvu za sauti, pinde za kuunganisha noti, hata vidole. Kabla ya kukariri, linganisha na toleo la wachapishaji Henle au Bärenreiter, maana kosa likishakaririwa halitoki kirahisi.

Chumba chenye piano mbili si rahisi kukipata Nairobi. Anza kuuliza Kenya Conservatoire of Music pale Kenya Cultural Centre, kisha shule za kimataifa na makanisa makubwa. Kama unayo piano moja ya kawaida na nyingine ya umeme, mambo bado yanawezekana. Piga A iliyo juu ya C ya kati kwenye ile ya kawaida, isome kwa programu ya simu ya kupimia sauti, kisha ingia kwenye mipangilio ya piano ya umeme na uiweke kwenye Hz hizo hizo. Nyingi zinaruhusu. Msindikizaji ndiye apige ile ya umeme, na spika yake ielekezwe kwako.

Njia ya pili ni kwateti ya nyuzi: fidla mbili, viola na chelo. Hii ndiyo njia ambayo wanafunzi wa hapa wanaisahau, ilhali jiji limejaa vijana wapiga nyuzi waliolelewa na Ghetto Classics kule Korogocho, Safaricom Youth Orchestra na okestra za shule. Watu wanne wanatosha kwenye sebule. Wape karatasi zao wiki tatu kabla, panga mazoezi matatu, walipe nauli na uwaandalie chai, na utakuwa umepata kitu ambacho piano ya pili haiwezi kukupa: noti ndefu inayokua baada ya kuanza.

Njia ya tatu ni okestra kamili, na hapo wewe huchagui, unachaguliwa. Nairobi Orchestra na okestra za vijana hupanga ratiba zao mapema, na mpiga solo hupata mazoezi machache sana pamoja nao. Ukiwa na ahadi ya aina hiyo, chagua koncheto ambayo okestra yenyewe inaimudu. Tromboni tatu na pembe nne za Grieg si kitu cha kuokota njiani.

Kabla ya yote hayo, pima ile A. Inapaswa kusoma 440 Hz. Ikisoma 432, fidla zitashuka kuifuata bila taabu, lakini klarineti na obo zikivutwa kiasi hicho noti zake zenyewe huachana. Ikisoma 415, piano imeshuka nusu toni nzima. Fundi akiipandisha kwa mkupuo mmoja, nyuzi zitarudi chini ndani ya wiki chache, kwa hiyo mpe nafasi ya kupita mara mbili au tatu. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei unyevu huvimbisha ubao wa sauti na piano hupanda, hasa katikati. Kiangazi cha Januari na Februari huishusha. Fundi aje siku mbili kabla ya onyesho. Akija mwezi mmoja kabla, kazi yake itakuwa imeshapotea.

Mkono, na piano ya nyumbani

Kutoka katikati ya C hadi katikati ya C inayofuata ni sentimita 16.5. Noti ya tisa iko kwenye sentimita 18.8 hivi, ya kumi kwenye 21.2. Kaa mbele ya piano, fika noti ya tisa kutoka ukingo wa mbele bila kukanyaga noti za jirani. Ukiweza, oktava zako zitakuwa huru na koncheto zote sita ziko wazi kwako. Kama noti ya nane ndiyo mwisho wako, achana na Grieg kwa sasa na uitazame Mendelssohn kwa tahadhari. Haydn na Mozart hazikudai chochote ambacho mkono mdogo hauwezi.

Piano ya wima, ambayo ndiyo wengi wetu tunayo, ina kasoro moja ya kujua: kitufe lazima kirudi juu karibu kabisa kabla hakijapiga tena, ilhali kwenye piano ya kulala kinaweza kurudia kikiwa katikati ya safari. Noti zinazorudiwa haraka zitapotea hata kama vidole viko sawa. Usijilaumu, na usizidishe nguvu. Inua kidole zaidi kati ya mapigo, kisha ukapige sehemu hizo kwenye piano ya kulala angalau mara moja kwa wiki katika mwezi wa mwisho.

Kibodi ya vitufe 61 haitoshi hata kwa Mozart. Piano yake nayo ilikuwa na vitufe 61, lakini ilianzia F, na kibodi ya kisasa huanzia C iliyo juu yake. Utakosa besi saba kuanzia hiyo F, na vitufe visivyo na uzito vitakufundisha mkono usiofaa. Vitufe 88 vyenye uzito ndicho kiwango cha chini. Kwa anayeishi kwenye fleti, piano ya aina hiyo yenye spika za masikioni inampa saa za usiku bila kugombana na jirani.

Haydn au Mozart

Haydn ya D meja ilichapishwa 1784, ina dakika 20 hivi, na inahitaji nyuzi, obo mbili na pembe mbili tu. Pembe na obo zikikosekana, nyuzi zinabeba karibu kila kitu. Kwa aliyepita gredi ya 8 vizuri, hii ndiyo nyepesi kuliko zote hapa, na miezi minne inatosha. Ugumu wake uko sehemu ya mwisho, rondo (kipande ambacho wimbo wake mkuu hurudi mara kwa mara) ya mtindo wa Kihungaria, ambako vinoti vya mapambo hushikamana na noti za wimbo. Wanafunzi huanza haraka kwa sababu wimbo ni rahisi, kisha mapambo yanakuja na kasi inavunjika. Jifunze rondo nzima kwanza bila pambo hata moja, kwa metronomu, na ulirudishe pambo moja moja. Pambo lolote linalobadilisha mdundo wa mkono wa kushoto bado halijaiva.

Je, inakupa changamoto ya kutosha? Kwa mwanafunzi wa miaka 13 au 14, ndiyo kabisa. Kwa aliye chuo, labda hapana.

Mozart K. 414 iko hatua moja mbele, na kwa Nairobi ndiyo tunayoipendekeza kuliko zote. Aliiandika 1782 pamoja na nyingine mbili, K. 413 na K. 415, na Januari 1783 akazitangaza Vienna kuwa zinaweza kupigwa na okestra yenye ala za kupuliza au na kwateti ya nyuzi peke yake. Kwa hiyo ukiipiga na watu wanne hujaikata wala kuipunguza. Mtunzi mwenyewe ndiye aliyeitoa hivyo. Ukipata besi ya kuongeza chini ya chelo, ni vyema. Kadenza zake mwenyewe, yaani mahali okestra inaponyamaza na piano ikabaki peke yake, zipo, fupi na za kumudu. Ina dakika 25 hivi, na miezi mitano ya kazi.

Ugumu wake haulingani na sura yake kwenye karatasi. Noti ni chache, na kila moja inasikika. Sehemu ya pili, ya D meja, ni mfano mzuri: nyuzi zinaanza wimbo kwa sauti ya chini kama tenzi, kisha piano inaurudia kwa kordi za sauti nne. Mwanafunzi akizipiga zote kwa uzito mmoja, kinachosikika ni matofali. Fanya hivi: piga sauti ya juu pekee kwa vidole vya 4 na 5, ukiiunganisha bila pedali. Kisha ongeza sauti za chini zikiwa fupi na nyepesi, huku ile ya juu ikibaki ndefu. Mkono ukishazoea kugawa uzito hivyo, rudisha sauti zote kwenye urefu wake halisi na uongeze pedali, ukiibadilisha kwa kila kordi. Zoezi hilo la dakika kumi kwa siku, kwa wiki mbili, hubadilisha kipande.

Kosa jingine la K. 414 ni mkono wa kushoto wenye kordi zilizovunjwa. Ukiupa sauti sawa na wa kulia, chelo na viola zitakuwa zinashindana nawe kwenye eneo lile lile. Bonyeza kidole cha besi, vingine vipite juu juu.

K. 466 ya D maina ni ya 1785 na ni jambo jingine kabisa. Okestra ina tarumbeta na timpani, na wewe unaingia kwenye kipimo (bar) cha 77 baada ya zaidi ya dakika mbili za dhoruba, ukiwa na wimbo mtulivu ambao okestra haijautaja. Kuingia huko ndiko kunakowashinda wengi: wanaingia na hasira ya okestra ilhali noti zinasema neno lingine. Sehemu ya pili ina mtego wa kasi. Inaanza kwa upole, mwanafunzi anachukua mwendo wa kutembea, kisha katikati inageuka G maina yenye tripleti za semikweva, mkono wa kushoto ukiruka juu ya wa kulia kwenda na kurudi, na anajikuta hawezi. Tafuta kwanza kasi unayoweza kupiga sehemu ile ya katikati safi, halafu uanze kipande kizima kwa kasi hiyo. Sehemu ya tatu inafunguliwa na piano peke yake kwa apejio inayopaa, kwa hiyo kasi ya kila mtu iko mikononi mwako. Isikie kichwani kabla ya kugusa kitufe.

Mozart hakuacha kadenza ya K. 466. Wengi hupiga ya Beethoven, nayo ni ngumu kuliko koncheto yenyewe. Itengee miezi miwili zaidi au chagua fupi zaidi; hakuna aibu. Kwa wenye kwateti, Ignaz Lachner aliipanga koncheto hii kwa nyuzi katika karne ya 19, na inafanya kazi, ingawa pengo la timpani halizibiki. Miezi saba.

Mendelssohn au Beethoven

Hapa ndipo mwanafunzi mwenye uwezo husimama kwa muda mrefu, na ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa sababu hizi mbili zinadai watu wawili tofauti.

Mendelssohn aliipiga ya G maina mwenyewe huko Munich Oktoba 1831 akiwa na miaka 22. Ina dakika 20. Hakuna dibaji ndefu: okestra inachemka kwa vipimo vichache tu, kisha unaingia na oktava kwa mikono yote miwili kwa nguvu zote. Hakuna kadenza. Sehemu tatu zimeunganishwa, tarumbeta na pembe zikitoa mwito wa kukuvusha kutoka moja hadi nyingine, kwa hiyo hakuna pa kupangusa jasho wala kufikiria. Kwa piano mbili inakaa vizuri kuliko Beethoven, kwa sababu msindikizaji hana kurasa nyingi za kupiga peke yake huku wewe umekaa.

Inamfaa mwenye vidole vyepesi na akili tulivu. Kinachoharibika ni mkono wa kulia kuchoka. Semikweva zinaendelea ukurasa baada ya ukurasa, na sehemu ya mwisho haina huruma. Dalili ya kwanza ni kidole gumba kugandamiza kitufe baada ya noti kulia, ya pili ni kifundo cha mkono kukaza na kupanda. Ukifika hapo simama. Kuendelea ni kufundisha misuli ukakamavu. Piga semikweva nne ukitua kwenye ya tano, mkono ulegee kabisa, kisha nne nyingine. Baada ya wiki, nane ukitua kwenye ya tisa, halafu kipimo kizima. Kasi iongezwe kwa hatua nne za metronomu tu kila siku chache. Ukurasa ambao umepigwa mara tatu mfululizo bila kukaza ndio uliopata ruhusa ya kwenda mbele.

Kosa la pili ni kuchukua kasi ya zile oktava za kuingilia. Oktava zinapendeza zikienda mbio, na mbio za sakafuni huishia ukingoni: baada ya kurasa mbili zinakuja noti ndogo ambazo kasi hiyo haizibebi. Kasi ya sehemu ya kwanza ichaguliwe kwenye ukurasa wenye noti nyingi kuliko zote. Na pedali iwe fupi, ikibadilishwa kwa kila besi. Ukumbi wa kanisa wenye dari ndefu utaongeza mwangwi wake wenyewe.

Beethoven namba 3 ni dakika 35 hivi, na hizo 15 za ziada ni kukariri, si kupiga tu. Alipoipiga mara ya kwanza Vienna tarehe 5 Aprili 1803, kurasa zake za piano zilikuwa karibu tupu kwa sababu alikuwa hajamaliza kuziandika, jambo lililomtoa jasho mtu aliyekuwa akimfunulia kurasa. Wewe utakuwa na noti zote, na pia utakuwa na vipimo 110 vya okestra kabla ya kugusa piano: zaidi ya dakika tatu ukiwa umekaa. Jioni ya Julai katika ukumbi wa Nairobi usio na joto, dakika tatu zinatosha kupoza vidole. Vaa glavu hadi unapoitwa, na ukiwa umekaa weka mikono kwapani au chini ya mapaja. Baada ya hapo zinakuja skeli tatu za C maina zinazopanda, mikono yote kwa pamoja, na kila aliye ukumbini anazisubiri. Tatizo la skeli hizo ni mwanzo wake, kwa kuwa mwanafunzi hukimbilia noti ya juu na zile za mwanzo zinamezwa. Ziandikie vidole siku ya kwanza, usivibadilishe tena, na zifanyie mazoezi ukiwa umetoka kukaa kimya dakika tatu kwa saa. Kuzipiga zikiwa moto baada ya saa ya mazoezi hakukuandai kwa chochote.

Sehemu ya pili, Largo ya E meja, huanza na piano peke yake. Imeandikwa kwa 3/8, na ukurasa umejaa mistari minne na mitano ya kufungia noti. Macho yanaogopa, mkono unakimbia. Hesabu sita kwa kila kipimo, semikweva moja kwa kila hesabu, na uandike kwa penseli nambari 1 hadi 6 juu ya kila kipimo chenye msongamano. Czerny, mwanafunzi wa Beethoven, alieleza kwamba Beethoven alishikilia pedali katika wimbo wote wa mwanzo. Kwenye piano ya leo, ambayo sauti yake hudumu zaidi, kufanya hivyo ni kupika uji wa sauti. Badilisha nusu nusu, mguu usipande mpaka juu.

Kadenza ni yake mwenyewe, na ni kazi ya mwezi na nusu peke yake. Mara baada yake timpani inagonga kwa sauti ya chini sana huku piano ikitiririka juu yake. Kwa piano mbili, mwambie msindikizaji apige noti hizo za timpani kavu, bila pedali, la sivyo mahali pazuri kuliko pote katika koncheto patapita bila mtu kujua. Katika rondo, hatari ni kumbukumbu. Wimbo unarudi mara kwa mara na kila marudio yana mlango tofauti wa kutokea. Ukichukua mlango wa kwanza kwenye marudio ya tatu, utajikuta umerudi nyuma kurasa sita. Yape marudio namba, na ujizoeze kuanzia kila namba bila kutazama karatasi.

Ukiwa na piano ya wima na msindikizaji mmoja, ukitaka kupiga koncheto nzima ndani ya mwaka mmoja wa shule, chukua Mendelssohn, miezi minane. Ukiwa na mwalimu anayependa muundo wa muziki, na subira ya miezi kumi hadi kumi na miwili, chukua Beethoven, kwa maana itakufundisha kusikiliza okestra zaidi ya nyingine yoyote hapa. Unaweza pia kupiga sehemu yake ya kwanza peke yake katika onyesho, na kwa piano mbili ukakata dibaji, msindikizaji aanze vipimo 16 au 20 kabla yako. Mendelssohn haikubali kukatwa hivyo, kwa jinsi ilivyounganishwa.

Grieg

Tunajua wengi wamefika hapa wakitaka kusikia kwamba inawezekana. Inawezekana, lakini kama koncheto ya pili. Grieg aliitunga 1868 akiwa na miaka 25, na tatizo lake kwa mwanafunzi halipo kwenye ule mteremko maarufu wa mwanzo, ambao watu huujifunza kwa wiki moja na kudhani wameshaanza. Lipo kwenye kadenza ya sehemu ya kwanza, ambako wimbo unabebwa na kordi nzito huku apejio zikifagia piano yote, na kwenye kurasa za mwisho kabisa, ambako unapaswa kusikika juu ya ala zote za shaba za okestra baada ya dakika 30 za kazi. Mkono usiofika noti ya tisa kwa raha utaumia. Piano ya wima haitasikika.

Vilevile kasi hubadilika kila mara. Anayekusindikiza lazima apumue nawe, na mwongozaji wa okestra ya wanafunzi hawezi kufanya hivyo kwa mazoezi mawili. Kama umeamua, anza na sehemu ya pili, ya D flati meja. Ni fupi, inaimba, na itakuonyesha kama unaweza kusubiri nyuzi zikimaliza wimbo wao bila kuingia mapema.

Nyingine kwa haraka

Bach ya D maina (BWV 1052) inahitaji nyuzi tu, na kwa mwenye kwateti ni mshindani wa kweli wa K. 414, lakini haina pa kujificha nyuma ya pedali, na noti za haraka hazikomi. Shostakovich namba 2, aliyomwandikia mwanawe Maxim 1957, ni dakika 20 za furaha na mkono mdogo unaimudu, ila sehemu ya tatu huingia 7/8 bila kubisha hodi, na karatasi za okestra kwa kawaida hukodishwa kutoka kwa mchapishaji. Kwa piano mbili, ichukue bila wasiwasi. Saint-Saëns namba 2 inafunguliwa na piano peke yake, na sehemu yake ya mwisho inachosha kuliko Mendelssohn. Rachmaninoff namba 2 inaanza na kordi za kufika noti ya kumi, na hiyo ni kurasa ya kwanza tu.

Kabla ya kuamua

Chagua mbili, zipe wiki mbili. Usijifunze mwanzo. Chukua ukurasa mgumu wa kila moja: katikati ya sehemu ya pili ya K. 466, sehemu ya mwisho ya Mendelssohn, ukurasa wa kwanza wa piano katika Largo ya Beethoven, kadenza ya Grieg. Siku ya kumi na nne, ule unaopigika kwa nusu ya kasi bila kusimama na bila mkono kukaza ndio wako. Kama hakuna hata mmoja, shuka daraja moja.

Ukishaamua, anza na sehemu ya tatu, kisha ya kwanza, ya pili iingie katikati. Sehemu ya tatu huwa inafanyiwa mazoezi mwisho, ikiwa changa, na ndiyo ukumbi utakayoondoka nayo. Mlete msindikizaji mapema, mwezi wa tatu, hata kama unapiga kurasa nne tu. Andika kwenye karatasi yako wimbo wa okestra kabla ya kila mahali unapoingia, noti zenyewe, si idadi ya vipimo vya kimya, kwa sababu woga huhesabu vibaya. Na kama uko kidato cha nne, usiweke onyesho muhula wa tatu: KCSE iko Oktoba na Novemba, na wapiga fidla wako pia watakuwa kwenye mtihani.